Hesabu ilitimia, nguo zikaenda kwa wengine: kisa cha presingi moja ya Lubumbashi

Wanawake 14 wanaofanya kazi mahali pamoja walishonesha kikwembe (kitenge) cha aina moja kwa ajili ya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani. Hilo si jambo geni Lubumbashi. Mwezi huo ukifika, ofisi na vikundi vya akina mama hujitokeza kila kimoja na kitambaa chake. Wengi wa hawa 14 walipeleka kwa fundi mmoja, na fundi ana mkono wake: libaya (blauzi) ya kola ya duara, mikono ya kufika kiwikoni, zipu mgongoni. Sketi zilitofautiana, nyingine fupi, nyingine ndefu yenye mpasuo, lakini libaya zilitoka kama pacha. Mwezi wa tatu mvua ya Katanga bado haijaisha. Gwaride lilinyeshewa, na udongo mwekundu ukawarukia wote pindoni. Siku zilizofuata nguo zile zikaanza kuingia katika presingi moja, yaani duka la kufulia na kupiga pasi nguo, ya komini (mtaa mkubwa wa mji) ya Kampemba, nyingine zikiletwa na wenyewe, nyingine na watoto waliotumwa na mfuko mkononi.

Zote 14 zilifuliwa, zikapigwa pasi, zikachukuliwa. Libaya tatu kati yake zilikwenda kwa watu wasio wenyewe, na presingi haikujua. Kwenye hanga haikubaki nguo hata moja. Hakuna iliyokosekana. Kwenye daftari kila mstari ulikuwa na alama ya kwamba mzigo umetoka.

Wa kwanza kurudi alikuwa mama mmoja aliyejaribu nguo yake Jumamosi jioni, akijiandaa kwa ibada ya kesho yake. Libaya ilimpwaya mabegani. Aligeuza ndani nje, akaangalia, akaja nayo: "Mama, hii haiko yangu. Ya kwangu iko na zipu nyeusi, hii iko na zipu ya blu." Dada wa mapokezi alifungua daftari. Mstari ulisema: libaya 1, sketi 1, kikwembe. Basi. Nguo iliyokuwa mezani ilikuwa libaya moja ya kikwembe. Hapakuwa na neno lolote kwenye karatasi ambalo lingeweza kumpa yule mama haki au kumnyima.

Wa pili hakurudi kabisa; alitafutwa. Sketi yake ilimwingia vizuri, libaya ndiyo ilikataa kufunga. Alipoulizwa alishangaa: "Nilizani tu nimenenepa, njo nikapeleka kwa fundi." Fundi alikuwa ameshafumua mishono ya ubavuni na kutoa nafasi ya vidole viwili kila upande. Ile ilikuwa libaya ya mama wa zipu nyeusi.

Hapo mwenye presingi aliona mwanga. Alidhani ni suala la wawili, kila mmoja ampe mwenzake yake. Akawaita pamoja. Libaya iliyompwaya wa kwanza haikuwa ya wa pili. Ilikuwa ya wa tatu, ambaye wakati huo alikuwa Likasi, kilomita zipatazo 120 kutoka Lubumbashi, kwa dada yake aliyejifungua, na katika mkoba wake alikuwa amebeba libaya ya wa pili bila kuijaribu. Huo ni mzunguko wa watatu, na hapa watu wengi wa kazi yetu hukwama, kwa sababu wanatafuta mtu mmoja aliyechukua nguo ya mteja anayelalamika. Nguo moja iliyokwenda mahali pasipo pake humsukuma mwingine, naye humsukuma mwingine, hadi mzunguko ufungike. Usipofuata kila nguo hadi kwa mwenyewe, utapatanisha wawili na kumwacha wa tatu na kisa kipya.

Mwenye presingi alikuwa tayari kumkata mshahara kijana wa pasi kwa kuwa ndiye aliyezishika mwisho. Mimi nimesimamia mapokezi ya nguo kwa muda mrefu, na mwenye presingi ni mama jirani yangu. Aliniomba ushauri, nikamwomba angoje hadi tufuate njia ya zile libaya tangu mlangoni. Kumkata mshahara kungekuwa dhuluma, na pia kusingezuia lolote, maana kijana alipewa nguo ambazo tayari hazikuwa na jina.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Mzigo ukifika, dada wa mapokezi huhesabu, huandika daftarini, humpa mteja risiti yenye namba, halafu huandika namba ile ile kwenye kipande cha karatasi na kukibana kwa pini juu ya fungu. Fungu moja, karatasi moja. Kisha fungu huenda kwa mama wa kuchambua, naye hulifungua. Lazima alifungue; ndiyo kazi yake. Shati jeupe linakwenda kwenye javeli (dawa ya kung'arisha), bazini (kitambaa cha kung'aa) inasubiri wanga, suti inatengwa, nguo za kazi zenye grisi zinakwenda peke yake. Namba inabaki na karatasi, karatasi inabaki na kitambaa kilichofungia mzigo, na nguo zinakwenda pande nne bila kitu chochote kinachosema ni za nani.

Kuchambua kunatawanya mzigo wa mteja, na kutoa nguo kunadai mzigo ule ule ukusanywe tena. Kati ya hapo na hapo, kitu gani kinamfuata mwenye nguo? Katika presingi hii jibu lilikuwa kichwa cha mama wa kuchambua. Na nimkiri mama huyo: ana kumbukumbu ya kustaajabisha. Anajua shati la mwalimu kwa kola iliyogeuzwa, anajua suruali ya dereva kwa mfuko ulioshonwa upya, anajua watoto wa nani wanachana vifungo. Kwa miaka presingi ilienda salama juu ya kumbukumbu hiyo, na kwa sababu ilienda salama, hakuna aliyeona kwamba hakuna utaratibu mwingine. Kumbukumbu ya macho inafanya kazi pale nguo zinapotofautiana. Zikifanana kitambaa, mshono, hadi doa la udongo pindoni, macho hayana pa kushika.

Kuna jambo ambalo lilinisumbua zaidi nilipolitazama. Mama wa kuchambua alifanya kazi yake sawasawa. Kikwembe kipya hutoa rangi katika maji ya kwanza, kwa hiyo kinafuliwa kwa maji baridi na wenzake wa rangi moja. Alizitenga libaya zile, akaziweka pamoja, zikaingia katika mashine moja kwa zamu moja. Yaani uchambuzi mzuri wa rangi ndio uliozikutanisha. Presingi ya ovyo ingezichanganya na mashuka na jinzi, zikaharibika rangi, lakini labda zisingekutana. Kadiri unavyochambua vizuri kwa kitambaa na rangi, ndivyo nguo zinazofanana zinavyojikusanya mahali pamoja, na ndivyo unavyohitaji alama juu ya kila moja.

Mengine yaliongezea. Umeme ulikatika mashine ikiwa imejaa maji. Hapa kwetu hilo si ajali, ni sehemu ya siku. Delestaje, yaani mgao wa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, haiulizi umefika hatua gani. Nguo zilitolewa kwa mikono, zikasuuzwa katika mabeseni, zikaanikwa. Mvua ikaja, zikahamishwa chini ya baraza kwa haraka. Umeme ulirudi usiku, kijana wa pasi akapiga pasi alizozikuta. Asubuhi dada wa mapokezi akazigawa kwa kukadiria: hii pana, ni ya mama fulani, hii ndogo, ni ya yule msichana. Kwa macho tu alipata 11 kati ya 14, na hilo ni kubwa. Waliobaki watatu walikuwa na miili iliyokaribiana.

Turudi kwenye hesabu, maana ndiyo iliyowapumbaza. Hesabu inagundua nguo iliyopotea. Libaya 14 zikiingia na 13 zikatoka, utajua. Lakini nguo zikibadilishana, zimeingia 14 na zimetoka 14, kila mteja amepewa idadi yake, na jumla inakuambia usinzie. Kwa hiyo hesabu ni ya lazima, ila haitoshi. Kubadilishana kunagunduliwa na kitu kimoja tu: namba iliyo juu ya nguo yenyewe, ikilinganishwa na namba ya risiti kabla nguo haijavuka meza.

Tulianza na hapo. Karatasi ya daftari haifai, inakuwa uji katika beseni. Ziko karatasi za presingi zilizotengenezwa kuvumilia maji, lakini mwenye presingi hakutaka kutegemea bidhaa ambayo ikikosekana mjini kazi inasimama. Tulichukua shuka jeupe la pamba lililochakaa, tukalikata vipande vya upana wa sentimita 2 na urefu wa 6. Namba inaandikwa kwa kalamu ya wino wa nguo. Kalamu ya bik ya kawaida inatiririka na kuchafua. Hata kalamu nene ya wino usiofutika inafifia ikikutana na javeli, ndiyo maana vipande vya nguo nyeupe vinaandikwa pande mbili na kuangaliwa upya kabla ya kuanikwa. Kipande kinashikizwa kwa uzi wa poliesta, mishono miwili mirefu inayokatika kwa mkasi mara moja. Pini tuliziacha. Pini ya chuma cha kawaida ikilala usiku kwenye nguo mbichi huacha doa la kutu, na doa la kutu kwenye libaya ya mtu ni kesi nyingine.

Mahali pa kushona palizua ubishi mrefu kuliko yote. Kijana wa pasi alitaka paonekane, ili asigeuze kila nguo. Dada wa mapokezi alisema mteja akiona namba kifuani ataona amedharauliwa. Wote wawili wana haki. Tulikubaliana: shati na libaya, kwenye etiketi ya ndani ya shingo au kwenye mshono wa ndani wa ubavu, suruali na sketi, ndani ya kiuno, kamwe si kwenye dantela (lesi) wala kitambaa chepesi, huko sindano huacha tundu. Soksi, nguo za ndani na nguo za mtoto mchanga hazishonwi. Zinaingia katika mfuko wa wavu wenye zipu, namba moja kwenye wavu, na wavu haujazwi kupita theluthi mbili, vinginevyo nguo za katikati zinatoka na sabuni yake.

Namba yenyewe ina sehemu tatu. 47, 3/5 maana yake risiti ya 47, nguo ya tatu kati ya tano. Anayekuta kipande kimoja kimeanguka nyuma ya mashine anajua papo hapo mzigo gani hauko kamili. Sketi na libaya ni nguo mbili, kila moja na namba yake, hata kama mteja anaziita seti. Kisa hiki kisingetokea vile kama tungejua kwamba sketi ya mama wa pili ilirudi kwake na libaya yake ikaenda kwingine. Koti na suruali ya suti hivyo hivyo. Kitambaa cha kichwa, mkanda, kofia ya koti inayofunguka, vyote vinahesabiwa. Rangi ya uzi inabadilika kila siku ya wiki, uzi wa aina isiyotoa rangi, na ulijaribiwa kwanza kwenye kitambaa cheupe chenye maji ya moto. Nguo yenye uzi wa Jumatatu ikikutwa kwenye kamba siku ya Ijumaa inajieleza yenyewe.

Halafu kuna lile ninalolishikilia zaidi, kwa sababu ndilo lililotutoa katika shida. Siku mama wa tatu aliporudi kutoka Likasi, kwa nauli iliyolipwa na presingi, tuliweka libaya tatu mezani mbele ya wenyewe watatu na fundi wao. Hakuna aliyeruhusiwa kusema "ile". Tulilaza kila moja, tukafunga zipu, tukapima kwa futi ya fundi kutoka kwapa hadi kwapa. Fundi akafungua daftari lake la vipimo. Iliyofumuliwa tulipima kwenye alama ya mshono wa zamani, ambapo matundu ya sindano yalikuwa bado yanaonekana. Fundi aligeuza ubavu wa moja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akasema: "Hii nilishona siku uzi mweupe uliisha." Kweli, ukingo wa ndani ulikuwa umezungushiwa uzi wa rangi ya maziwa, wakati zile nyingine ulikuwa mweupe kabisa. Kila mmoja akaenda na yake.

Kutokana na hapo, presingi ile inaandika kipimo kimoja cha mwili kwa kila nguo ya sare: kwapa hadi kwapa kwa ya juu, kiuno kwa ya chini, ikiwa imelazwa. Inachukua muda wa kuvuta pumzi chache. Kitambaa wanaweza kuwa nacho watu mia, mshono pia, lakini kipimo kinaandamana na mwili wa mtu. Na kama miili imelingana, hapo ndipo zipu, kifungo kilichokosekana, doa la zamani na alama ya kuungua vinaandikwa mbele ya mteja. Hilo linamlinda mteja, na linailinda presingi dhidi ya doa ambalo haikuliweka.

Sare za 8 Machi ni mfano mmoja tu. Mji huu unaishi kwa vitu vinavyofanana: shati jeupe na suruali ya blu ya wanafunzi, sare za kwaya, vikwembe vya harusi, na zaidi ya yote kombinezo (ovaroli) za wafanyakazi wa migodini na wa kampuni ndogo zinazoihudumia. Kwa kombinezo usitegemee jina lililochapwa kifuani peke yake, maana kuna anayevaa ya mwenzake aliyeacha kazi. Tena kombinezo hazipaswi kukutana na nguo za nyumbani hata kidogo, si kwenye kikapu, si kwenye mashine. Vumbi la madini linakwenda na maji hadi kwenye nepi ya mtoto wa mtu. Wanaofua mizigo mikubwa ya hoteli na hospitali wanatumia etiketi za kubandikwa kwa joto, na siku hizi vijichipu vinavyosomwa kwa redio, mamia kwa mara moja bila kufungua mfuko. Presingi ya watu wanne haivihitaji. Shuka lililochakaa linatosha, mradi kipande hakiondolewi njiani.

Na hapo ndipo nilipokuwa mkali. Kijana wa pasi alizoea kutoa alama kabla ya kupiga pasi ili isiache mchapo. Sasa anapiga pasi kuizunguka. Kipande kinakatwa mezani, mbele ya mteja, baada ya watu wawili kulinganisha: mmoja anasoma risiti kwa sauti, mwingine anasoma nguo. Kama mteja ana haraka na hataki kungoja, anaondoka na kipande chake ndani ya nguo, atakikata nyumbani. Umeme ukikatika katikati, kazi ya kwanza baada ya kutoa nguo kwenye mashine ni kuhesabu vipande ndani ya beseni, kabla ya kusuuza. Zamu ikibadilika, anayeondoka na anayeingia wanahesabu pamoja.

Bado libaya ya zipu nyeusi ilikuwa na deni. Fundi aliirudisha mishono mahali pake, lakini mstari wa zamani na ule mpya vilionekana vyote ubavuni ukiiangalia kwenye mwanga. Kitambaa kile kilitolewa kwa ajili ya siku hiyo. Hakikuuzwa tena sokoni. Mpwa wa mama huyo, anayesoma sheria Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, alitaja kifungu cha 258 cha sheria ya mikataba, ile ya amri ya tarehe 30 Julai 1888, kwamba anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake lazima aifidie. Hakuhitaji kukitaja mara mbili. Mwenye presingi alilipa kazi zote mbili za fundi na gharama ya kushonesha libaya nyingine, na mama akakubali. Ilipita kwa heshima kwa sababu presingi ilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi kabla ya yeye kurudi kudai.

Lililobaki bila kumalizika ni mizigo inayoletwa na watoto. Mtoto hawezi kukaa akaangalia kola na zipu, na kumrudisha na mzigo ni kumwadhibu. Kwa sasa mfuko wa mtoto unafungwa kwa uzi mbele yake, unawekwa kando, na wafanyakazi wawili wanaufungua pamoja siku hiyo hiyo, wanahesabu, wanapima kama ni sare, wanapiga picha ya nguo zote zikiwa zimelazwa na namba zake, na picha inatumwa kwa simu ya mzazi. Asipojibu hadi jioni, mzigo unalala kama ulivyo hadi apatikane. Wapo wazazi waliokasirika kwa kucheleweshwa, na mwenye presingi bado anatafuta namna ya kuwatuliza bila kuufungua mfuko mapema.